Prana, Chi na Amagara: Tatizo la Kutafsiri Dhana ya Nguvu ya Uhai kwa Wasemaji wa Kirundi na Kiswahili wa Nyarusange, Burundi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna dhana ya Kihindi ya prana na dhana ya Kichina ya chi zinavyoweza kuelezwa kwa wasemaji wa Kirundi na Kiswahili wa Nyarusange, jina linalopatikana katika Gitega na pia Muyinga. Suala hili limepata uzito mpya kwa kuwa mazoezi ya kupumua yenye asili ya yoga yameanza kutumika katika mafunzo ya afya ya akili na ya kuponya kiwewe cha vita. Hoja kuu ni kwamba tafsiri iliyozoeleka, yaani “nguvu ya uhai” au “nishati ya uhai”, haikutoka India, China wala Burundi. Ilipitia lugha ya Kifaransa ya nusu ya kwanza ya karne ya 20, na ilipofika katika Kirundi ilikuta neno inguvu lenye mzigo ambao mfasiri hawezi kuupuuza. Makala yanapendekeza neno amagara liangaliwe upya, na yanaonyesha mipaka yake.

1. Utangulizi

Nyarusange ya Gitega iko katika nyanda za kati za Burundi, nchi ya vilima vilivyolimwa hadi kileleni, ambako Kirundi ndicho lugha ya nyumbani, ya shambani na ya kanisani. Jina hilohilo linapatikana Muyinga, kaskazini-mashariki, eneo linalopakana na Tanzania kupitia kituo cha mpakani cha Kobero. Huko jumuiya ya Waislamu ni kubwa kuliko ilivyo katika sehemu nyingi za nchi, na Kiswahili husikika zaidi sokoni na msikitini. Kwa hiyo jina moja linawaleta pamoja wasemaji wa lugha moja ya mama ambao hata hivyo wanapozungumzia uhai, pumzi na roho huchota maneno katika visima tofauti: Kirundi cha Wakatoliki, Kirundi cha Waprotestanti, Kiswahili cha Waislamu, na Kifaransa cha shule.

Mtu anayeleta kwao neno prana hana budi kuchagua kisima kimoja. Uchaguzi huo huchukuliwa kwa wepesi, aghalabu na mfasiri aliyepewa siku mbili kukamilisha kijitabu cha mafunzo. Matokeo yake huwafikia watu ambao hawakuwahi kuulizwa.

2. Prana na chi katika makao yake

Neno prana la Kisanskriti limejengwa juu ya mzizi wenye maana ya kupumua. Katika Upanishadi za kale, hasa Chandogya na Brihadaranyaka, kuna kisa cha viungo vya mwili vilivyoshindana kujua kipi ni bora. Usemi uliondoka mwaka mzima, ukarudi na kuukuta mwili ukiishi kama aishivyo bubu. Jicho likaondoka, kisha sikio, kisha akili, na kila mara mwili uliendelea. Pumzi ilipoanza kujiandaa kuondoka, viungo vingine vyote vilijihisi vikingolewa, kama vigingi vinavyong’olewa na farasi mwenye nguvu aliyefungwa navyo, vikaiomba ibaki. Kisa hiki kinafaa kukumbukwa kwa sababu kinaonyesha kwamba prana, kabla ya kuwa nadharia, ilikuwa ni ushuhuda wa jambo ambalo kila aliyewahi kukaa kando ya mgonjwa mahututi analijua.

Nadharia ilikuja baadaye. Wanazuoni wa Kihindi waliigawa prana katika mikondo mitano kulingana na kazi zake: kuingiza, kutoa, kumeng’enya, kusambaza na kupandisha. Patanjali aliweka udhibiti wa pumzi, pranayama, kuwa hatua ya nne kati ya hatua nane za yoga. Maandishi ya hatha yoga, hasa Hathapradipika ya Svatmarama ya karne ya 15, yalieleza mwili wenye mishipa isiyoonekana, inayotajwa kwa kawaida kuwa 72,000, ambamo prana hupita, huziba na huzibuliwa.

Chi ya Wachina ina eneo pana zaidi. Neno hilo hutumika kwa mvuke, hewa, hali ya anga na hasira. Katika Kichina cha leo kukasirika ni “kuzalisha chi”. Kitabu cha Zhuangzi kinaeleza uhai kuwa ni kukusanyika kwa chi na kifo kuwa ni kutawanyika kwake. Katika tiba, kama inavyofafanuliwa katika Huangdi Neijing, ugonjwa ni chi iliyopungua, iliyokwama au iliyokwenda mahali pasipo pake. Inafaa kutambua kwamba chi haimilikiwi na mtu peke yake: ile iliyo ndani ya mwili na ile iliyo katika ukungu wa bondeni ni kitu kimoja. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba prana na chi ni majina mawili ya jambo moja amekwisha kuruka hatua.

3. Namna pumzi ilivyogeuka kuwa nishati

Wala Upanishadi wala Neijing hazikusema “nishati”. Tafsiri hiyo ina tarehe. Swami Vivekananda, aliyejulikana Magharibi baada ya hotuba zake za Chicago mwaka 1893, alichapisha Raja Yoga mwaka 1896. Humo aliieleza prana kwa lugha ya fizikia ya wakati wake, akiifanya kuwa jumla ya nguvu zote za ulimwengu, kuanzia mwendo wa vitu hadi fikra. Alikuwa na sababu nzuri za kufanya hivyo mbele ya hadhira iliyoiheshimu sayansi. Hata hivyo, tangu hapo msomaji wa Magharibi alianza kuona waya na mkondo wa umeme mahali ambapo maandishi ya kale yalizungumzia upepo.

Kwa upande wa China, hatua kama hiyo ilichukuliwa na Mfaransa George Soulié de Morant, aliyewahi kufanya kazi ya kibalozi huko, ambaye kitabu chake L’Acuponcture chinoise kilianza kutoka mwaka 1939. Yeye ndiye aliyeeneza kuitafsiri chi kwa neno la Kifaransa lenye maana ya nishati. Mwanahistoria wa tiba Paul Unschuld amepinga tafsiri hiyo kwa miaka mingi, akionyesha kuwa maandishi ya kale yanazungumzia kitu kilicho karibu na mvuke kuliko nishati.

Tarehe hizi zina maana kwa Burundi. Ufaransa ya wakati huo ilikuwa imemsoma Henri Bergson, ambaye L’Évolution créatrice yake ya mwaka 1907 iliufanya uhai kuwa msukumo unaosonga mbele ndani ya maumbile. Msamiati wa “nguvu ya uhai” ulikuwa tayari mezani. Kilichosubiriwa ni wa kuuvaa. Wachina walivishwa mwaka 1939. Wabantu walivishwa miaka sita baadaye.

4. Tempels, Jamaa na Kagame

Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933, alifanya kazi miongoni mwa Waluba wa Katanga. Kitabu chake kilitoka kwa Kifaransa huko Elisabethville mwaka 1945 kwa jina La philosophie bantoue, kisha kikachapishwa Paris na Présence Africaine mwaka 1949. Hoja yake ilikuwa kwamba pale Mzungu anaposema “kitu kipo”, Mbantu anasema “kitu ni nguvu”. Kwamba nguvu hiyo huongezeka na kupungua. Na kwamba wafu, walio hai, wanyama na mimea wamepangwa katika ngazi kulingana na nguvu zao.

Kitabu kilisifiwa na kushambuliwa. Aimé Césaire, mwaka 1950, alikiona kuwa ni zawadi ya bei rahisi: wakoloni wanawapa Waafrika heshima ya falsafa huku wakibaki na ardhi na mishahara. Baadaye Paulin Hountondji wa Benin alisema kwamba falsafa isiyo na mwandishi wala mjadala, inayodhaniwa kuwamo vichwani mwa watu wote kwa pamoja bila wao kujua, ni ya yule aliyeiandika. Pingamizi hizo mbili zina nguvu hadi leo, na inashangaza jinsi vijitabu vya kisasa vya “uponyaji wa Kiafrika” vinavyomrudia Tempels bila kumtaja, huenda bila hata kujua kwamba vinamrudia.

Kuna sehemu ya historia ya Tempels ambayo wataalamu wa Kiswahili wanapaswa kuijua zaidi kuliko wanavyoijua. Katika miaka ya 1950, akiwa Kolwezi katika eneo la migodi, mafundisho yake yalizaa vuguvugu la Kikatoliki lililoitwa Jamaa, ambalo Johannes Fabian alilichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1971. Jamaa lilizungumza Kiswahili cha Katanga. Nguzo za utu katika mafundisho yake zilikuwa tatu: uzima, uzazi na mapendo. Wachimba migodi na wake zao walipoichukua “nguvu” ya padri na kuisema kwa lugha yao, hawakuiita nguvu. Waliiita uzima, na wala hawakuiacha ikae peke yake: waliiweka pamoja na uzazi na mapendo, mambo ambayo mtu hawezi kuwa nayo bila mwenzake. Tafsiri hiyo ilifanywa na watu wasio wafasiri, nayo ni makini kuliko nyingi zilizofuata.

Alexis Kagame, padri na mwanazuoni wa Rwanda (1912–1981), alimjibu Tempels mwaka 1956 katika La philosophie bantu-rwandaise de l’être. Badala ya kuanzia na nguvu, alianzia na sarufi: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu, yaani mtu, kitu, mahali na namna. Kwa kuwa Kinyarwanda na Kirundi husikilizana, uchambuzi wake unagusa moja kwa moja msemaji wa Nyarusange. Kagame alieleza kuwa mnyama na mtu wana kivuli, igicucu, kinachoungana na mwili na kuufanya uishi. Kwa mnyama kivuli hicho hutoweka kwenye kifo, ilhali kwa mtu hubaki kitu kingine, umuzimu. Mjerumani Janheinz Jahn alichota kutoka kwa Kagame katika kitabu chake Muntu cha mwaka 1958, akalifanya neno magara kuwa jina la nguvu ya uhai kwa utamaduni wa Kiafrika kwa jumla. Neno la kawaida la nyumbani likawa istilahi ya kimataifa, na wenye neno hawakuwa na habari.

5. Amagara na majirani zake

Neno hilo kwa hakika lina maana gani katika Kirundi? Njia fupi ni kusoma kibao cha serikali. Wizara ya afya nchini Burundi huitwa Ubushikiranganji bw’amagara y’abantu. Nchini Rwanda wizara kama hiyo ni ya ubuzima; nchini Tanzania ni ya afya, neno lililotoka katika Kiarabu. Nchi tatu jirani zimechagua mizizi mitatu, na Burundi imechagua amagara. Mkulima wa Nyarusange anayepeleka mtoto kwenye zahanati, kwa hiyo, anakwenda kutafuta kitu kilekile ambacho Jahn alikiweka katika daraja la metafizikia.

Kisarufi, ubuzima ni jina dhahania la ngeli ya bu-, sawa na uzima wa Kiswahili: hali ya kuwa mzima. Amagara yamo katika ngeli ya ma-, wala hayana umoja. Ngeli hiyo ndiyo yenye vimiminika: amazi, amata, amaraso, amavuta. Methali isemayo amagara araseseka ntayorwa inayachukulia hivyohivyo: uhai ukimwagika hauzolewi. Nyingine inasema amagara ntaguranwa amagana, kwamba uhai haubadilishwi kwa mamia ya ng’ombe. Ya kwanza inazungumzia umiminikaji na ya pili inazungumzia thamani. Hakuna hata moja inayozungumzia nguvu.

Tahadhari inahitajika hapa, kwa kuwa hili ndilo kosa alilolaumiwa nalo Kagame. Ngeli si falsafa. Amahoro, yaani amani, na amahera, yaani fedha, nayo yamo katika ngeli ya ma-, na hakuna anayedai kuwa Warundi huiona amani kama kimiminika. Ushahidi wa sarufi hupata uzito unapokutana na ushahidi wa matendo. Katika jambo hili ushahidi huo upo: mwanaanthropolojia Christopher Taylor, katika utafiti wake wa tiba ya jadi nchini Rwanda uliochapishwa mwaka 1992, alionyesha kwamba waganga na wagonjwa wengi huufikiria ugonjwa kama mtiririko uliokatika au uliozidi: maziwa ya mama yasiyotoka, damu isiyokoma, mvua isiyonyesha. Hata neno imana, ambalo leo kwa Mrundi ni jina la Mungu, alilichambua kuwa liliwahi kubeba pia maana ya baraka inayotiririka na kurutubisha.

Mtiririko na kuziba ni lugha ambayo tabibu wa Kichina angeielewa mara moja. Ukaribu huu ni wa kweli zaidi kuliko ule wa “nguvu ya uhai”, kwa sababu unatokana na jinsi watu wanavyomhudumia mgonjwa, wala haukupitia msamiati wa Bergson. Hata hivyo una mipaka. Amagara hayana ramani ya mishipa. Hayana mazoezi ya kuyakuza kwa kukaa kimya na kuhesabu pumzi. Na muhimu zaidi, mtiririko unaozungumziwa katika nyanda hizi humtoka mtu kwenda kwa mtu: kwa mtoto, kwa mkwe, kwa shamba, kwa ng’ombe anayetolewa zawadi. Mwanayoga wa hatha yoga hujitenga ili azuie prana isipotee. Mrundi aliyezuia amagara yake yasiende popote angeonekana mchoyo, pengine hata mchawi.

Jambo hilo linaonekana wazi Gishora, kilomita chache kutoka mjini Gitega, penye mahali patakatifu pa ngoma za kifalme. Ngoma hutengenezwa kwa mti uitwao umuvugangoma, na sehemu zake zina majina ya uzazi: inda, amabere, umukondo, urugori ambalo ni taji la mama, na icahi, ngozi ya kumbebea mtoto. Neno ingoma lenyewe lina maana pia ya utawala. Ngoma ilihusiana na umuganuro, sherehe ya mtama ambamo mwami alifungua msimu wa kupanda, na uhai wa nchi ulidhaniwa kupitia kwake kuingia katika mbegu. Uchezaji wa ngoma hiyo uliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Yoga ya India iliingizwa mwaka 2016. (Amri ya Rais ya Oktoba 2017 iliwakataza wanawake kupiga ngoma hiyo yenye tumbo, matiti na kitovu. Watafiti wa jinsia wana kazi hapo.) Anayetafuta Burundi kitu cha kulinganisha na prana angefaidika zaidi kuitazama ngoma hii kuliko kuwauliza watu kuhusu “nishati”.

6. Pumzi na Roho

Kama prana kwa asili ni pumzi, kwa nini isitafsiriwe hivyo? Kirundi kina neno impwemu, lenye maana ya pumzi. Tatizo ni kwamba neno hilo limekwisha kuajiriwa. Waprotestanti wa Burundi humwita Roho Mtakatifu Mpwemu Yera. Wakatoliki, ambao ni wengi zaidi, humwita Mutima Mweranda, wakichukua neno la moyo. Kijitabu kinachomwambia mwanakijiji ajifunze kuitawala impwemu yake kinaweza kusomwa na Mkatoliki kama somo la mapafu, na na Mprotestanti kama somo la kumtawala Roho. Yule wa kwanza atapiga miayo. Wa pili atamwita mchungaji.

Kiswahili kimepita njia yake. Roho na nafsi yote yametoka katika Kiarabu, na mizizi yake katika lugha hiyo ina undugu na upepo na pumzi. Maana ya kiroho ilipopewa maneno hayo ya kuja, neno la Kibantu pumzi lilibaki mwilini, nalo likazaa kupumzika. Hii ni bahati kwa mfasiri. Msemaji wa Kiswahili wa Muyinga anaweza kuambiwa “vuta pumzi, itoe polepole” bila imani yake kuguswa, kwa kuwa anayekata roho na anayevuta pumzi hawatumii neno moja. Msemaji wa Kirundi hana nafasi hiyo kwa urahisi, isipokuwa atumie kitenzi, guhema, na aliache jina.

7. Neno linaloumiza

Linabaki neno ambalo vijitabu vingi hulikimbilia: inguvu. Linafanana na nguvu ya Kiswahili kwa umbo na kwa maana, na kamusi hulitoa kama jibu la kwanza la neno la Kifaransa. Mfasiri aliyekutana na “nishati ya uhai” huandika inguvu z’ubuzima na kuendelea na ukurasa unaofuata.

Burundi iliingia vitani baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993. Kibimba, mkoani Gitega, ni miongoni mwa mahali ambapo wanafunzi waliuawa katika siku hizohizo. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini Agosti 2000, lakini mapigano yaliendelea kwa miaka kadhaa. Katika vita hivyo, kama katika vingine vingi, wanawake wengi walibakwa, na katika Kirundi kubaka ni gufata ku nguvu: kumshika mtu kwa nguvu. Hiyo ni namna ya kawaida ya kulisema jambo hilo.

Programu za kuponya kiwewe zilianza mapema. HROC, kwa mfano, ilianzishwa na Waquaker mwaka 2003 nchini Rwanda na Burundi, ikiwakutanisha walionusurika na waliotenda. Katika mafunzo ya aina hii duniani kote mazoezi ya kupumua hutumika sana, na siku hizi husindikizwa na maelezo yaliyokopwa kutoka katika yoga: funga macho, isikie nguvu ikiingia mwilini, iache ikupitie. Kwa Kiingereza au Kifaransa sentensi hiyo inapita bila kusikika. Mwanamke aliyenusurika akiambiwa kwa Kirundi afumbe macho na aache inguvu zimwingie, mwezeshaji amemrudisha palepale alipokusudia kumtoa. Kiswahili hakina kinga hapa. “Kwa nguvu” hubeba kitisho kilekile.

Jambo hili halitatuliwi kwa kuwalaumu wawezeshaji, ambao mara nyingi wamepewa maandishi yaliyokwisha kutafsiriwa. Linatatuliwa kwa kukumbuka kwamba neno hilo halikuwa la lazima tangu mwanzo. Prana haikuwa nguvu; ilifanywa kuwa nguvu New York na Paris.

8. Njia zilizo wazi

Katika huduma ya afya na ya kiwewe, nadharia inaweza kuachwa kabisa. Anayetaka mtu apumue polepole amwambie aheme buhoro buhoro, apumue polepole, na amweleze kwa nini: pumzi ndefu hutuliza mapigo ya moyo. Utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la kitabibu BMJ uliwapima watu wazima 23 wakisali Salamu Maria kwa Kilatini na wakikariri mantra ya Kibuddha. Sala zote mbili zilishusha pumzi hadi karibu mara sita kwa dakika, mwendo unaoungana na mawimbi ya asili ya mzunguko wa damu. Kwa nchi yenye Wakatoliki wengi matokeo hayo yana uzito wa kisera: mama wa Nyarusange anayeshika rozari jioni tayari anafanya sehemu ya zoezi ambalo wageni wanataka kumfundisha. Inafaa aulizwe kwanza juu ya rozari yake, na Mwislamu wa Muyinga juu ya dhikiri yake.

Katika ufundishaji wa vyuo na katika uandishi wa istilahi, hali ni tofauti. Hapo mwanafunzi anahitaji dhana yenyewe pamoja na historia yake, na njia salama ni kukopa: prana na chi ziingizwe katika Kiswahili na Kirundi kama majina ya kigeni yenye fasili, kama zilivyoingizwa yoga, judo na karate bila mtu kudai yatafutiwe jina la Kibantu. “Nishati” iachiwe wizara zinazoshughulikia umeme. Kirundi, kwa bahati, kimekwisha kutenga neno lake la umeme, umuyagankuba, upepo wa radi, na hakuna haja ya kulileta katika mwili wa binadamu.

Neno amagara linafaa kutumika kwa matokeo, si kwa chanzo. Zoezi la kupumua linaweza kusemwa kuwa husaidia amagara, kama lishe na usingizi vinavyosaidia, na hapo kila msikilizaji ataelewa. Kusema kwamba prana ndiyo amagara ni kurudia alichofanya Jahn: kuchukua neno la zahanati na methali na kulitwika mfumo ambao wenyewe hawakuujenga.

Jambo gumu linabaki kwa impwemu. Faharasa yoyote ya Kirundi na Kiswahili itakayotayarishwa kwa ajili ya afya ya akili itapaswa kuamua kama neno hilo liruhusiwe. Uamuzi huo hauwezi kuachwa kwa wanaisimu wa Bujumbura au wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar peke yao. Wauguzi wa zahanati, makatekista, wachungaji na maimamu wa Gitega na Muyinga wanalitumia au kulikwepa neno hilo kila juma, na kila mmoja ana sababu zake. Rasimu ya kwanza iwafikie kabla haijapigwa chapa, na iwafikie pia, kwa njia itakayolinda siri zao, wanawake waliowahi kukaa katika mafunzo hayo wakiwa wamefumba macho.